Bibi Aliyeniomba Msamaha Olasiti

Najua mtacheka. Hata mimi zamani nikisikia watu wanasimulia mambo ya mizimu nilikuwa naguna tu na kuendelea kuchambua mchele. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki, na lilinipata mchana kweupe. Sijaongeza chumvi.

Tulikuwa tunaishi Levolosi, vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Levolosi mnaijua: baa mbele, fundi wa kuchomelea mageti nyuma, na uani kamba za nguo hadi mbingu huioni. Binti yetu Manka alikuwa anaingia mwaka wa nne na hakuwa na pa kukimbilia hata mpira. Kuhama kulikuwa kwa ajili yake. Baba Manka angeweza kuzeekea palepale bila kulalamika, mradi chai iwe ya moto. Mimi ndiye niliyehangaika na dalali mpaka tukapata nyumba Olasiti, yenye uwanja na ukuta.

Mipango yote niliishika mimi. Vyombo nikavifunga kwa magazeti, magodoro kwa mashuka ya zamani, dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikamwambia Jumamosi asubuhi na asiniletee habari za pancha. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, nikamwacha Manka na baba yake, nikaenda Olasiti peke yangu kupima madirisha. Mapazia ya Levolosi yalikuwa mafupi, na sikutaka majirani wapya waanze kwa kutuhesabia masufuria.

Nilikuwa dirisha la jikoni na futi kamba mkononi niliposikia hodi mlango wa nyuma. Nikafungua. Alikuwa bibi mmoja, kanga safi, kitambaa kichwani, miguu peku. Mkononi ameshika jani la isale limefungwa fundo.

"Shikamoo, Mama Manka," akasema.

Hebu nisikilizeni vizuri. Bibi wa umri wa kumzaa mama yangu ananipa mimi shikamoo! Na jina langu kalijuaje, wakati mtaa ule sikuwa nimezungumza na mtu yeyote? Mwenye akili angefunga mlango hapohapo. Lakini mimi ni Mchaga, nimelelewa na Wachaga. Kwetu mtu akikuletea isale amekuja kuomba msamaha, na isale halikataliwi, hata kama aliyelileta amekuchomea nyumba. Adabu ikatangulia akili. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema, "Nimekusamehe, bibi." Ndipo nikauliza, "Kwani umenikosea nini?"

"Bado," akasema. "Sijakukosea bado."

Hakucheka wala hakukunja uso. Akanishukuru, akazunguka kona ya nyumba. Nilimfuata palepale. Nyuma ya ile kona kuna ukuta tu, mrefu, na vipande vya chupa juu yake. Hapakuwa na mtu.

Mlitaka nifanye nini? Nilimpigia mama yangu kijijini Kibosho, nikamsimulia yote.

"Ungeuliza kosa kwanza, mwanangu," akasema. "Ukishasamehe, umesamehe."

Baba Manka akasema ni jua na uchovu. Na vyumba vyetu vya Levolosi mwenye nyumba alishampa mpangaji mwingine, ambaye kabati lake lilikuwa tayari limeegeshwa uani. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumamosi tukahama.

Manka aliipenda nyumba, nami nilifurahi, sitaki kudanganya. Alicheza nyuma ya jiko kutwa nzima, anacheka, anaongea. Nilidhani anaongea na mwanasesere wake. Siku moja nikamsikia anasema, "Aika, mae." Yaani, asante, mama. Kichaga hicho! Nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili tu, sikuwahi kumfundisha. Nikatoka mbio, nikambeba. Akapiga yowe kama aliyeshikwa na mwizi, anaunyooshea ukuta mikono. Jioni nilipokuwa namwogesha alinitazama kwa upole kabisa, akaniita shangazi.

Hatukumaliza mwezi pale. Sasa tunaishi Kisongo. Mchungaji ameomba, daktari amempima, na mtoto ni mzima, anakula, shuleni anafanya vizuri. Lakini mimi ni shangazi mpaka leo. Akipata homa analia arudishwe Olasiti kwa mama yake. Naumia, niaminini. Nimejaribu kumlaani yule bibi, nimepiga magoti kabisa, na laana haitoki. Nikifungua mdomo, linalotoka ni neno lilelile, nimekusamehe.

Kwa hiyo wewe unayefunga vyombo sasa hivi, mtu akikuletea isale mheshimu, mkaribishe, mpe hata kiti. Ila mikono iweke nyuma mpaka aseme kosa lake. Akikwambia bado hajakosa, usilale nyumba hiyo. Mchukue mwanao uondoke, hata kama vyombo vyote viko juu ya gari.

Juzi nikiwa namsuka nywele, Manka aliniuliza, "Shangazi, na wewe una mtoto?" Nikamwambia ninaye.