Kazi ya Kung'oa Magugumaji

Nilipomaliza chuo kikuu, kazi ya kwanza niliyopewa na serikali ilikuwa kung'oa magugumaji ziwani. Ulikuwa mpango wa kuongeza ajira kwa vijana, na mimi na digrii yangu ya uchumi tulivaa gambuti na kushika reki kama wenzetu. Sikuona haya. Baada ya kuzungusha bahasha ya vyeti katika ofisi zote za Kisumu, hata matope yalininukia vizuri.

Shida ni kwamba baba yangu ni mvuvi. Magugumaji yalikuwa yamefunga ufuo wetu, mashua yake ikakaa nchi kavu, na nyumbani tulikula kwa kibarua changu. Kila asubuhi alikuja kututazama tukifanya kazi.

Mwanzoni tuling'oa kwa fujo. Kisha mwenzetu mmoja akauliza, kwa utani tu, "Hii kitu ikiisha, sisi tutaenda wapi?" Tulicheka. Hakuna aliyetoa amri, lakini tangu siku hiyo reki zilikuwa nzito. Tulisafisha kipande, tukaacha kipande, na jani lile halihitaji kubembelezwa ili liote. Katika ripoti za wakubwa bila shaka tulikuwa vijana walioajiriwa. Darasani hatukuwahi kufundishwa kwamba mtu anaweza kulipwa na tatizo lenyewe, akaanza kulionea huruma.

Baba aliliona hilo mapema. "Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu, "munatoa hii majani ama munaichunga?"

Niliinama nikavuta jani moja, nikalitupa ufuoni.

Halafu upepo ukageuka, ukayasukuma magugu yote upande wa pili wa ghuba. Tulipofika kazini maji yalikuwa wazi kabisa. Msimamizi alikusanya reki, akatuambia, "Mtaitwa." Kijana yeyote wa Kenya anajua maana ya neno hilo. Niliuchukia upepo ule, nasema kweli, huku nikimwona baba akisukuma mashua majini na kupiga mluzi.

Jioni mama alipika samaki, ngege wa kwanza baada ya muda mrefu. Baba alifumba macho kuombea chakula. Alimshukuru Mungu kwa samaki, kisha akanigeukia mimi katika maombi yake.

"Huyu mtoto naye, Baba, mpe kazi. Lakini hiyo majani, tafadhali, usirudishe."

Mama aliitikia amina mwishoni. Mimi nilikuwa nimeshaitikia yangu, pale aliposema 'mpe kazi'.