Yaya Anapelekwa Wales

Umma wote utangaziwe: familia moja ya Al-Nuzha, Jeddah, imekodi nyumba ya likizo kando ya bahari huko Wales, na yaya wao Mkenya, kwa huruma ya madam, atakwenda nao kupumzika. Yaya hupangusa mikono kwenye aproni kabla ya kujibu lolote, hata ikiwa mikavu. Madam anamwonyesha picha za nyumba hiyo kwenye simu. Yaya anairuka picha ya bahari, anairuka ya kondoo. Ya jikoni anaikuza kwa vifundo viwili vya vidole, maana ncha zimeliwa na jiki ya kusafishia hata simu haizitambui, akitafuta mashine ya kuoshea vyombo. Mafi, hakuna. Vitanda kumi na kimoja. Zulia mpaka kwenye ngazi.

“Waona utakavyopumzika!” madam anashangilia.

Anapangusa mikono. “Nitapumzika sana, madam, mkiniacha hapa.”