Presha ya Ini

Siku yangu ya kwanza kazini Mpanda, Mganga Mfawidhi hakunionesha wodi hata moja. Alilitazama koti langu jeupe, lililopigwa pasi kupita kiasi, akasema, "Binti, mgonjwa akitoka hapa anabeba vitu viwili, dawa na neno lako. Dawa itaisha." Nilidhani ananitisha tu, maana wakubwa wa enzi zile walipenda kututisha.

Baadaye nilihamishiwa zahanati moja upande wa Mpimbwe, tabibu peke yangu. Huko akaja Masanja, mfugaji, macho ya njano na tumbo limejaa maji. Hospitali kubwa walikuwa wamethibitisha kwamba ini lake limejaa makovu na kukakamaa, ndiyo sirosisi. Damu inayotoka kwenye utumbo haipiti vizuri kwenye ini la namna hiyo, inajazana nyuma, na msukumo ndani ya mshipa unaoileta unapanda. Foleni ilikuwa ndefu, na mimi haraka nimezaliwa nayo. Nikamwambia mkewe, Mama Kulwa, kwa kifupi: "Ana presha ya ini."

Wiki iliyofuata walirudi kwa bodaboda, saa sita mchana. Masanja alikaa kwenye benchi akitabasamu. Nikamwambia anyooshe mikono. Viganja vikaanguka, vikainuka, vikaanguka tena, kama mtu anayepunga mkono wa kwaheri. Hiyo ni dalili kwamba ini limeshindwa kuisafisha damu na sumu imepanda kichwani. Chuoni tulifundishwa. Ila hatukufundishwa la kufanya mgonjwa anapoangalia nyuma ya bega lako.

Nikamuuliza, "Unamuaga nani, mzee?"

"Huyo hapo. Anasema twende."

Niligeuka. Palikuwa na kabati la dawa tu. Nikatazama mara ya pili, siwafichi.

Nikampima msukumo wa damu, nikaukuta chini mno. Nikamgeukia mkewe. "Mmempa nini?"

"Ni vile vidonge vya mama mkwe," Mama Kulwa akasema. "Vya presha, mlivyompa nyie hapa hapa. Si ulisema ana presha, daktari?"

Vidonge vile hutanua mishipa. Vilimfaa yule mama mkwe, mwenye presha ya mwili mzima. Masanja mishipa yake ilikuwa imeshalegea kwa ugonjwa, kwa hiyo vilizidi kuushusha msukumo, na ini na figo vikabaki bila damu ya kutosha. Nilimtundikia dripu, gari la wagonjwa likaja, akafariki kabla ya kufika Mpanda.

Msibani Mama Kulwa alinishika mikono yote miwili. "Asante, daktari. Wengine wote walituficha. Wewe ndiye ulitutajia ugonjwa wake."

Nikasema pole. Nikala wali wao, nikaondoka. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Sasa nimestaafu, naishi Nsemulwa. Matabibu vijana hunijia kuuliza tulifanyaje kazi bila vipimo vya kisasa, nami huwasimulia mengi, ila hili nimewaficha. Wakisema "presha" mbele yangu, nawakatiza: presha ya wapi? Wananiona bibi mkorofi.

Mama Kulwa, kama utasomewa haya, neno lile lilikuwa langu. Na vidonge vilitoka kwenye kabati lile lile alilokuwa akiliaga Masanja.