Jadotville Katika Kiwanja cha Shule

Mwalimu Norbert ni mutoto wa dada yangu, na akili yake ilitoka upande wetu. Ndugu za baba yake wasijisifu bure. Miaka kumi na moja anafundisha darasa la sita hapa Kalemie, na serikali bado haijui kama yuko. Jina lake halimo kwenye listi ya mishahara ya Kinshasa. Wazazi wanamupa unga, ndagala za ziwani na heshima, na heshima njo inakuja nyingi kuliko ndagala.

Mwezi wa tatu habari ikafika: inspekta anakuja. Akiandika kwamba somo ni zuri, jina linapanda Kinshasa.

Norbert akachagua Jadotville, muji ule tunaita leo Likasi. Mwaka wa 1961 Katanga ilikuwa inapigana iwe inchi yenyewe, na majandarme, askari wake, wakazingira pale askari wa Irlande waliotumwa na ONU, Umoja wa Mataifa. Siku tano. Maji yakaisha; yale ya kuletewa na elikopta yalinuka petroli ya mabidoni yaliyoyabeba. Wairlande wakanyosha mikono, na wote wakabaki wazima.

«Watoto wacheze,» nilimuambia. «Mutoto anasahau maneno, kiu hasahau.» Akili hiyo ni yangu, sikatai.

Siku yenyewe akachora duara ya chokaa kiwanjani. Nusu ya darasa wakaingia ndani, nusu wakawazunguka na mabua ya mihindi begani kama bunduki. Walio ndani walikuwa hawajaonja maji tangu asubuhi. Inspekta akakaa, karatasi ya somo mapajani. Mustari wake wa mwisho ulisema: wanajisalimisha. Somo lisipofika pale, halikufika popote.

«Nyosheni mikono!»

Wote wakanyosha. Elsa, aliyekimbia vita Nyunzu pamoja na mama yake, akakaa chini.

«Elsa, mikono juu.»

«Hapana, Mwalimu.»

«Ni muchezo tu, mama.»

«Papa yangu alinyosha. Wakamuua vilevile.»

Wenye mabua wakashusha bunduki zao.

Inspekta akagonga karatasi na kalamu. «Mwalimu, dakika zinaisha. Mushike mikono, umunyoshee.»

Norbert akaangalia karatasi, akaangalia mutoto. Mimi nilikuwa nyuma ya inspekta, namukonyeza: mushike, mupumbavu wewe! Norbert akachota maji, akaingia ndani ya duara, akakaa kwenye vumbi karibu yake.

«Kunywa,» akamuambia.

Inspekta akaandika kwamba mwalimu ameshindwa kumaliza somo. Akaondoka na kuku, maana kuku tulikuwa tumeshamupa.

Sasa ni mwaka wa kumi na mbili, na jina bado halijapanda. Juzi uchungu ulinizidi.

«Mikono miwili tu, Norbert! Mimi ningenyosha hata ya komite nzima ya wazazi.»

«Najua, mujomba,» akasema, bila kuinua kichwa juu ya makaye ya watoto aliyokuwa anasahihisha. «Njo maana sikukuita ufundishe.»