Kiti cha Gari Ambalo Hatukuliona

Nyinyi vijana mnaobishana kuhusu magari kutwa nzima, tulieni niwaeleze jambo. Najua mtalisoma kwenye simu, maana huko ndiko mnakosoma kila kitu. Someni mpaka chini, msiishie juu. Mimi shule niliiacha mapema. Najua kusoma, kuandika na kupima kwa futi, basi. Lakini viti vya magari nimevishona tangu usichana wangu mpaka vidole vilipokataa, na hapa mjini Kigoma waliniita Mama Viti hata wasiojua jina nililopewa na baba yangu.

Siku ya kwanza kazini nilikwenda nikinuka dagaa. Nilikuwa nashona magunia ya dagaa ufukweni Kibirizi, na Fundi Mkuu wa karakana moja ya Gungu alikuja kununua kitoweo, akasimama kuangalia mkono wangu. Mshono wa gunia si mchezo. Ukilegea, mzigo unamwagika kabla haujafika stesheni. Akaniambia nije karakana kesho yake. Nilipofika mafundi wakacheka, mmoja akauliza, "Fundi Mkuu, huyu atatupikia?"

Yule mzee akanigeukia. Aliniuliza mimi.

"Binti, unajua gari?"

"Sijui. Shikamoo."

"Marahaba. Vizuri sana. Wanaojua gari ninao wengi mno hapa. Nataka mtu anayejua sindano."

Basi nikakaa chini na sindano. Kiti cha gari kina fremu ya chuma, juu yake springi, juu ya springi sponji, na juu kabisa kava. Fundi wa haraka hukimbilia kava kwa sababu ndilo linaloonekana. Sisi tulianzia chini. Unafumua uzi bila kuumiza kitambaa, unavitenganisha vipande, kila kipande unakitia alama ya chaki, kisha unakatia vipya kwa kuvifuata vile vya zamani. Pale ambapo cherehani haifiki, unatumia sindano iliyopinda. Na kabla hujafunga, mwenye gari anaitwa akalie. Unamtazama anavyozama, unaongeza sponji au unapunguza. Kiti cha mtu mnene si kiti cha mtu mwembamba, hata kama gari ni moja.

Fundi Mkuu alikuwa mkali. Siku moja alimkuta fundi wa injini amejinyoosha ndani ya gari la mteja anasikiliza redio. Alimtoa kwa kumvuta sikio, mtu mzima na ndevu zake.

"Gari la mtu ni chumba cha mtu!" alifoka. "Umeitwa injini, redio inakuhusu nini?"

Yeye ndiye aliyenifundisha kutofautisha ngozi ya mnyama na leza, ile ngozi ya kiwandani. Siku hizi leza inatengenezwa vizuri, jicho linadanganyika. Unachofanya, unakwenda chini kabisa ya kiti, kwenye pindo lililobanwa na fremu, ambako hakuna atakayetazama. Unanyofoa kipande kidogo kama ukucha wa mtoto, unakwenda nacho nje, mbali na kiti, unakiwasha kwa kiberiti. Ngozi ya mnyama hunuka nywele zilizoungua. Leza huyeyuka na kudondoka. Unafanya hivyo pale tu unapotaka kujua ununue ngozi gani. Nimewafundisha hivyo wote waliopita mikononi mwangu, na mjukuu wangu Rama akiwemo.

Kutoka Gungu nilichukuliwa bandarini kushona viti vya abiria wa meli. Msimamizi wa Karakana huko alikuwa mtu wa suruali zilizopigwa pasi na maneno machache. Meli ina unyevu, sponji inanyonya maji na kuoza ndani kwa ndani, kwa hiyo tuliifunga kwanza kwa nailoni. Nilipouliza kwa nini tujisumbue, alisema, "Mama, abiria akilowa makalio hailaumu mvua. Ananilaumu mimi." Baadaye nikaenda upande wa Kasulu, kwenye magari ya shirika lililohudumia wakimbizi, chini ya Mkuu wa Magari. Huyo alikuwa mpole, ila hakuruhusu gari litoke na uzi unaoning'inia.

Madereva wa kule nao walibishana, msidhani ubishi mmeuanzisha nyinyi. Gari la Mwingereza na gari la Mjapani, lipi linapanda mlima wakati wa masika? Walirushiana maneno mpaka chai ikapoa. Lakini walibishana wakiwa na tope magotini, na gari la mmoja likikwama, aliyekuwa akilitukana ndiye wa kwanza kushika bampa kusukuma. Magari waliyoyasema walikuwa wamelala ndani yake.

Nilipochoka na karakana za watu nikafungua yangu, Katubuka, chumba cha mbele cha nyumba yangu. Vidole vilipoanza kufa ganzi nikampa usukani mjukuu wangu Mwamini. Ana mkono safi na anajua kusema na wateja. Mdogo wake Rama ni fundi wake. Mwamini analea watoto kwa sindano ile ile, na mama yao, yeye na Rama, anatibiwa kwa sindano ile ile. Hatuna shamba wala mtumbwi. Tuna jina la duka tu.

Mbele ya duka kuna benchi. Nililiweka kwa ajili ya wateja, likatekwa na washabiki wa magari. Wanakuja asubuhi na simu zao kama watu wanaokwenda ofisini. Kiongozi wao ni Nestori, kijana wa bodaboda wa Gungu, mwenye pikipiki inayokohoa kuliko mimi. Wanabishania magari ambayo hayajawahi kukanyaga Kigoma. Nilikuwa nawasikia, nawaacha. Nilidhani ni maneno tu.

Sasa akaja mama mmoja mfanyabiashara wa Uvira, Kongo. Kulikuwa na gari bandarini linasubiri meli livushwe ng'ambo, gari jipya la mbio, la Mtaliano, linalotumia umeme. Lilikuja juu ya lori kwa sababu lenyewe limelala chini mno, barabara zetu zingelipasua tumbo. Tajiri wa upande wa pili ndiye mwenyewe. Yule mama alikuwa amelipokea kwa mkono wake na kuahidi litafika salama. Njiani kamba za kulifungia, zilizopitishwa madirishani, zilikuwa zimefumua mshono wa kiti cha dereva. Basi aliagiza kiti hicho tu kifunguliwe, akakileta kwetu kwa bajaji, kimefunikwa shuka.

"Mama Mwamini, munishonee muzuri," alimwambia mjukuu wangu. "Hii kiti si yangu. Ni kichwa yangu."

Akaenda zake kushughulikia karatasi za forodha. Mwamini akaenda kununua uzi wa rangi yake.

Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele. Nikasikia benchi limehama. Nikachungulia. Mana yanje, Mungu wangu! Kiti kiko katikati ya sakafu ya saruji, na washabiki wamepanga foleni kukikalia, mmoja mmoja. Anakaa, ananyoosha miguu, anashika usukani usiokuwepo.

"Oya, shuka, zamu yangu!"

"Subiri kidogo bwana, nipo kona ya Bangwe."

"Mbona hulii? Liza injini!"

"Hili halilii, kaka. Ni umeme. Linapita kimya tu, unaona vumbi."

Hapo Nestori akacheka kwa dharau. "Gari halingurumi, gari gani hiyo? Hiyo ni pasi ya umeme. Mjerumani ukimkalia, mgongo wenyewe unasema asante. Mwingereza ndiyo usiseme, ndani ni sebule ya waziri."

"Mjerumani wako ni gari la wazee wenye presha," Rama akamjibu. Alikuwa ameacha mkasi, amesimama na mikono kiunoni kama wakili. "Huyu ni mnyama. Kwa kuondoka hawamgusi, wote wawili!"

"Aondoke aende wapi, na kiti cha plastiki?"

"Plastiki? Nestori, hii ngozi! Ng'ombe wa kuchagua!"

"Nimesoma mimi. Siku hizi hao hawatumii ngozi ya mnyama. Yaani pesa yote ile unakalia leza kama kwenye bajaji. Mjerumani hawezi kukufanyia hivyo."

"Wewe na kusoma kwako. Mimi ni fundi. Ngoja nikuoneshe."

Nilisikia kiberiti. Nilidhani anawasha jiko la gundi. Nilipotoka, Rama alikuwa amepiga magoti ubavuni mwa kiti, njiti inawaka mkononi, na ubavu wa kiti, pale pale paja la dereva linapogusa, umetoa moshi mwembamba. Pindo la chini alilisahau. Kwenda nje alikusahau. Mtu anapotaka kushinda, mafunzo yote yanamtoka.

Nilisimama na sinia la mchele mkononi. Na wao hawakuniona. Unajua walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanaendelea kubishana!

"Umesikia? Imenuka nywele! Ngozi hiyo!"

"Nywele zako wewe ndizo zimeungua, umeinama mno!"

"Tazama, haijadondoka!"

"Imedondoka kidogo. Choma tena tuone."

Choma tena. Nimeishi kuona mengi kwenye pwani ya ziwa hili, lakini neno hilo sikutegemea kulisikia ndani ya nyumba yangu. Nilipiga sinia la mchele chini. Wakageuka. Ndipo Rama alipoitazama njiti, akakitazama kiti, akaona tundu. Uso ulimbadilika rangi. Nestori na wenzake wakatawanyika, na pikipiki inayokohoa siku hiyo iliwaka mara moja.

Mwamini aliporudi na uzi wake, alikaa chini, akapitisha kidole penye tundu. Kisha akasema jambo lililonishtua kuliko tundu.

"Bibi, tunaweza kuweka kipande cha pambo hapo. Huku na huku, vifanane. Tuseme ni ziada, zawadi ya duka. Meli ikiondoka ataligundua nani?"

"Tajiri atagundua."

"Akiwa ng'ambo."

"Na atamshika nani? Wewe uko Katubuka. Atamshika huyu mama."

"Bibi, akitutangaza bandarini kote tumekwisha. Na dawa za mama je?"

Nilimwambia Rama akisimamishe kiti mlangoni, tundu likitazama nje.

Mama wa Uvira alipofika aliliona kabla hajashuka kwenye bajaji. Rama alisema mwenyewe, kila kitu, hata neno la pasi ya umeme. Yule mama alimsikiliza kama mtu anayesikiliza lugha ngeni.

"Munabishana gari," alisema polepole, "na gari iko bandarini, hamujaiona hata tairi. Nilileta kiti mushone. Sikuleta muchome."

Nilimweleza kwamba ubavu ule unaweza kubadilishwa, lakini ngozi ya rangi ile Kigoma haipo, kiraka chochote kitaonekana. Akasema tushone ule mshono wa mwanzo tu, tundu tuliache. Akampigia tajiri pale pale mbele yetu. Sauti ya yule mtu ilisikika mpaka barabarani, na mama alijibu "nimesikia" tu, mara nyingi. Mwamini alishona huku machozi yakidondokea mkononi. Mshono ulitoka mzuri. Mama yule hakuusifu, akachukua kiti chake akaenda.

Habari zikafika bandarini kabla yake. Madereva wa malori waliokuwa wakisimama kwetu sasa wanapita. Mwamini anapika mara moja kwa siku na anadhani sioni. Rama anafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Benchi liko tupu.

Nimestaafu, nakaa barazani, na mpaka leo sijaacha kushangaa. Sisi tulipenda magari kwa sababu yalitulisha. Nyinyi mnayapenda kwa jinsi yanavyowashindisha ubishi, na mtu mwenye gari hamumwoni kabisa. Sijui mlijifunzia wapi. Kama ni kwangu, sijui ni siku gani.

Jana Mwamini alikuja na wazo la kushusha kibao cha duka, tuandike jina jipya, watu wasahau. Rama akaunga mkono haraka. Niliwaita wote waketi, na watoto pia, nikawaambia:

"Kibao hakishuki. Na mtu yeyote akisimama hapo mlangoni akauliza kama ni sisi tuliochoma kiti cha yule mama, mwambieni ndiyo, ni sisi. Kisha mleteeni kiti akae."