Mwenye Nyumba na Koleo Lake

"Mzee, mwenye nyumba ni nani, wewe au sisi tunaolala humu?" Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, naye amepanda na viatu juu ya kitanda chetu, anachomoa misumari ya chandarua. Jibu lake lilikuwa, "Mnanitobolea ukuta kama chujio!" Wiki ile ile mdogo wangu akaugua malaria. Mwenye nyumba wetu hapigi hodi. Utasikia funguo zikilia kiunoni, na kabla hujageuka yuko katikati ya chumba, koleo mkononi, anaupapasa ukuta kwa kiganja taratibu, kama anayempima mtoto homa. Akimaliza hapo anafunua sufuria, eti anaangalia kama mvuke unaharibu rangi. Rangi gani jamani, wakati ilishabanduka yote kabla sijazaliwa!

Mwezi uliopita, miaka saba baadaye, alikuja kuchomoa tena. Safari hii mama alimpokonya koleo, akamsukuma nje, akafunga komeo kwa ndani. "Chandarua hakitoki, baba! Ukitaka kuingia, piga hodi kama watu wengine." Hakupiga. Nilipotoka kuchota maji nilimkuta bado amesimama pale nje, kiganja kimelala juu ya mlango. Kwa hasira nikamrudishia swali langu lile lile: mwenye nyumba ni nani?

"Ni mtu," akasema bila kunitazama, "ambaye nyumba nzima hakuna anayemwambia karibu."