Mzee Kinanda na Waya wa Spika

Mchungaji mpya ameniagiza niandike habari fupi za wahudumu wa kanisa letu la Kimethodisti, mistari mitatu kwa kila mtu, zibandikwe mlangoni pamoja na picha. Yeye mwenyewe nimemmaliza kwa mistari miwili, maana ana miezi mitatu tu hapa, na kwetu wachungaji ni watu wa kuhamishwa: wanakuja, wanapaka ofisi rangi, wanaondoka. Mama mtunza kanisa, ambaye sote tunamwita Funguo, amepata mistari minne na bado ananuna. Mwalimu wa kwaya nimempa mitatu, na mmoja kati ya hiyo ni uongo mtupu. Aliyenishinda ni mzee aliyekuwa mpiga kinanda wetu. Haya ninayoyaandika hapa si ya mlangoni.

Tulimwita Mzee Kinanda. Siku za kazi alikuwa fundi saa, ana kibanda chenye dirisha moja karibu na posta. Jumapili alikuwa wetu, na alikuwa wetu kwa miaka thelathini na nane. Alikuwa na mazoea ya kuvua viatu na kuvipanga chini ya benchi, kisha anapiga kwa soksi, kwa sababu kinanda chetu cha umeme kina kanyagio za mbao na alitaka kuzipata vizuri kwa nyayo. Soksi zenyewe mkewe alizitia viraka mpaka zikawa viraka vitupu.

Msidhani alikuwa mpole. Aliwahi kusimamisha wimbo katikati, akamgeukia kijana mmoja wa kwaya na kumwambia mbele ya kanisa zima kwamba sauti yake ni ya mlango usiotiwa mafuta. Kijana huyo leo ndiye mwalimu wetu wa kwaya, na hajasahau. Hata mimi, karani, nilipompelekea namba za nyimbo zikiwa zimeandikwa vibaya, alinirudishia kikaratasi kana kwamba mimi ni mtoto wa darasa la pili. Kwa hiyo masikio yake yalipoanza kufa, nasema ukweli, hakuna aliyelia ofisini kwetu.

Sikio la kushoto lilikwenda lote. La kulia lilibaki na mngurumo tu. Mikono yake haikuharibika hata kidogo. Nyimbo zote zilikuwa vidoleni. Tatizo lilikuwa sisi. Alikuwa hasikii watu wakiimba, basi aliwaacha nyuma, au aliwasubiri mahali ambapo hawakutaka kusubiriwa. Jumapili moja mwangalizi wa sakiti, yaani mkubwa wa makanisa yetu yote ya jirani, alikuja kuhubiri. Tuliimba beti nne, Mchungaji wa wakati ule akainua mikono na kuanza kuomba, na Mzee Kinanda akaanza ubeti wa tano kwa nguvu zake zote. Wimbo ule hauna ubeti wa tano. Watu walicheka mpaka wakajificha nyuma ya vitabu.

Jumanne tulikaa kikao cha wahudumu, sisi wanne, kwa sababu Mzee Kinanda hakuwahi kuja vikao vya Jumanne, saa za watu zilikuwa zikimngoja.

"Aambiwe astaafu," alisema Funguo.

"Na nani?" Mchungaji akauliza. "Mimi nina miaka mitatu mbele yangu hapa, halafu nahama. Nije niwe yule aliyemtoa mzee kwenye kinanda?"

Mwalimu wa kwaya akasema, kwa utani tu, kwamba hakuna haja ya kumtoa. Kinanda kina waya mmoja unaokwenda kwenye spika, nao umechomekwa kwenye chumba cha majoho, kando tu ya kinanda. Chomoa waya. Taa za kinanda zitawaka kama kawaida, na yeye mwalimu atapiga kinanda chake kidogo nyuma ya pazia la kwaya, kwenye spika zilezile. Mzee atasikia ule mngurumo wake na kudhani ni kazi ya mikono yake.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mchungaji alicheka pia, akafuta macho, akasema, "Basi tujaribu Jumapili moja."

Kazi ya kuchomoa nilipewa mimi, maana ofisi yangu inapakana na kile chumba. Nikachomoa. Ibada ikaenda vizuri ajabu, na ile Jumapili moja ikawa miaka miwili na nusu.

Na tulifaidi, nisijitakase. Siku za chai mwalimu wa kwaya alimwigiza juu ya meza ya ofisi: anavua viatu, anavipanga, anafumba macho, anapiga vikombe kwa vidole, na sisi tunaimba wimbo mwingine kabisa. Nilimwambia arudie. Waumini nao walijua, kanzu ya siri kanisani huwa fupi, lakini kila mtu alijifanya hamnazo. Wakati wa kutoka walimpa mkono, wakampandishia kidole gumba, naye akajibu kwa kichwa tu, kwa majivuno yake yaleyale. Hilo ndilo lililotuchekesha zaidi.

Mkewe alikuwa akikaa benchi la tatu, na masikio yake yalikuwa mazima. Alingoja wiki mbili tu. Alhamisi moja alikuja ofisini, akakataa kiti.

"Mwanangu, mmemfanya nini mume wangu?"

Nikaanza kumpa maneno ya Mchungaji, heshima ya ibada, utaratibu. Akanikata.

"Ninasikia anayepiga si yeye. Huyu mwingine anabonyeza kama anakanda unga. Niambieni tu, anajua?"

"Hajui, mama."

"Basi asijue." Aliutazama ule mlango wa chumba cha majoho. "Akijua hatatoka tena ndani. Kila Jumapili tukifika nyumbani ananiuliza leo ilikuwaje, na mimi nitaendelea kumwambia ilikuwa nzuri. Ila nina ombi moja. Nikitangulia mimi, siku ya kunizika mwacheni anipigie mwenyewe wakati natolewa. Hakutakuwa na watu wa kuimba, ni kinanda peke yake. Akiwa peke yake hakosei. Jeneza haliimbi, mwanangu, hatakuwa na wa kumkimbiza."

Nikamwahidi. Nilishika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikamwambia, "Kwa hilo usiwe na wasiwasi, mama." Nilikuwa nataka aondoke nimalize kuchapa ratiba.

Alitangulia. Ilikuwa kifua, siku tisa tu hospitalini. Mzee Kinanda alikuja na kikaratasi cha kwake safari hii, ameandika namba ya wimbo ambao mkewe aliupenda, na chini yake: "Nitapiga mimi, wakati wa kutoka." Nikakipeleka kwenye kikao.

Mchungaji alikisoma, akakiweka chini ya kikombe. Mwangalizi wa sakiti angekuwepo mazishini, alisema, na orodha ya uhamisho ilikuwa inatoka mwezi ule. Yeye alikuwa akilitazamia kanisa la mjini. "Atapiga, nani amekataa? Atapiga kama siku zote."

"Nitakuwa nyuma ya pazia," alisema mwalimu wa kwaya. Hakucheka, lakini alikuwa na furaha usoni, niliiona.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ahadi niliitoa mimi, na hakuna mwingine aliyeijua. Nilifungua mdomo, Mchungaji akanitazama, nikakumbuka kwamba mkataba wangu ulikuwa haujasainiwa upya. Nikasema, "Sawa, Mchungaji," nikaandika hivyo kwenye kumbukumbu za kikao.

Siku ya mazishi niliingia chumba cha majoho mapema. Waya ulikuwa sakafuni pale nilipouacha Jumapili. Niliuokota. Tundu lilikuwa mbele yangu, hatua moja. Nilisimama hivyo kwa muda mrefu kidogo, nasikia Funguo akipanga viti, halafu nikaurudisha sakafuni na kufunga mlango.

Ibada ilipokwisha, wanaume sita wakainua jeneza. Mzee Kinanda alikuwa ameshavua viatu. Amevaa soksi mpya, nyeusi, hazina kiraka. Akaweka mikono, na kutoka kwenye spika ukaja ule wimbo, unapigwa na mwalimu wa kwaya kwa ule ubonyezaji wake wa kukanda unga. Kanisa zima lilisimama. Mimi nilikuwa kando ya mlango wa chumba, mita chache kutoka kwenye benchi lake.

Jeneza lilipompita alishindwa. Mabega yalianza kumcheza, akainua mikono yote miwili na kujifunika uso. Na muziki ukaendelea.

Haukusita hata kidogo. Mwalimu nyuma ya pazia hakuweza kuona. Mzee alikaa vile, analia viganjani, halafu nikaona kilio kinakatika. Alishusha mikono polepole. Akatazama funguo za kinanda, hakuna aliyezigusa. Akatazama miguu yake. Ilikuwa imetulia juu ya ubao wa kanyagio, na ubao ulikuwa ukitetemeka chini ya soksi, ubeti wa tatu, ubeti wa nne. Aliweka mikono magotini akasikiliza kwa nyayo mpaka mwisho. Wakati huo mkewe alikuwa ameshatoka mlangoni, na watu walikuwa nyuma yake.

Alivaa viatu, akafunga kamba. Kisha akaniona, akaniita kwa kidole. Nilikwenda na daftari langu, maana ndivyo tulivyozungumza naye siku hizo: yeye anasema, sisi tunaandika.

"Toka lini?"

Nikaandika: miaka miwili na nusu.

Akasoma. Alisoma kama fundi anayetazama saa iliyoanguka majini, hana haraka, anajua haitengenezeki.

"Watu wote?"

Nikaandika: wote.

Nje gari lilikuwa limeshawashwa, Funguo alitupungia mkono kutoka mlangoni. Mzee hakumwona. Alikuwa anatazama benchi la tatu.

"Na yeye alijua?"

Nilimwelewa. Jumapili zaidi ya mia moja walirudi nyumbani pamoja, akauliza ilikuwaje, akajibiwa nzuri. Hilo ndilo pekee tulilokuwa hatujamnyang'anya, na lilikuwa mkononi mwangu. Marehemu asingenibishia, na wenzangu hawakuwa na habari ya ile Alhamisi. Ilikuwa ni kuandika hapana.

Sijui nini kilinipata. Nilikuwa nimemdanganya miaka miwili na nusu, na pale mbele ya madhabahu nikaona haya kumdanganya mara moja zaidi. Nilijiona mkweli, mjinga mimi. Nikaandika: ndiyo.

Aliichana ile karatasi kutoka kwenye daftari langu, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa koti. Halafu akatoka nje kwenda kumzika.